Umeme wa Gari la Mkwe

Kofi la kwanza halikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu watu wameshaongea mengi, na kila anayeongea anaanza na mimi. Siku ile mimi ndiye niliyepigwa kofi kwanza, mbele ya gari lililofunguliwa boneti, nikiwa nimevaa gauni jipya, na nikanyamaza. Mimi! Waulize mafundi wa gereji yetu kama waliwahi kuniona nikinyamaza.

Wenyewe huniita Shoti. Mimi ni fundi umeme wa magari, lakini jina hilo hawakunipa kwa sababu ya kazi, walinipa kwa sababu ya hasira. Niguse, ujionee. Hata huyu niliyempenda nilimpata kwa njia hiyo hiyo. Yeye ni nesi wa kiume. Niliingia kwenye zahanati yao nyusi imepasuka, akaketi mbele yangu na sindano na uzi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Aliyekupiga yuko wapi, dada?"

"Yuko kitanda cha nyuma yako," nikamwambia. "Anza na yeye, ndiye aliyeumia."

Alicheka mpaka akaiweka sindano chini. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nikaanza kutafuta visababu vya kurudi: leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa sijui kidole gani. Mwezi wa pili akaniangalia hivi, kwa yale macho yake yasiyo na haraka, akasema, "Wewe huumwi chochote. Kaa hapa tuongee." Nikakaa, na kwa kweli sikuinuka tena.

Kwao walinikataa kabla hawajaniona. Kaka yake mkubwa, mwenye bucha, alikuwa ameshampangia mdogo wa mke wake, binti mtaratibu anayejua kupokea wageni. "Unataka kutuletea mwanamke anayepiga wanaume?" alimuuliza Nesi mezani, mbele ya watu. Baba yao hakusema ndiyo wala hapana. Mzee alikuwa dereva mstaafu, mtu wa maneno ya kuhesabu, na alikuwa na gari lake kuukuu la volti sita ambalo lina umri mkubwa kuliko wanawe wote wawili.

Gari la volti sita betri ikichoka kidogo tu, stata haiwezi kuizungusha injini. Inakoroma, basi. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee aliliwasha kwa hendeli: anaichomeka mbele, anaizungusha kwa mkono. Asubuhi moja injini ikaipiga hendeli teke, ikamrudi, ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Nesi wangu akamfunga plasta, na hapo hapo akapata pa kuanzia.

"Baba, gari likibadilishwa likawa la volti kumi na mbili, litawaka kwa kubonyeza tu. Fundi ninaye. Ndiye huyo ninayetaka kumuoa."

Mzee akaitazama ile plasta. Kisha akasema, "Afanye. Jumapili nitakuja niione kazi na nimwone mwenyewe. Nikiridhika na vyote viwili, nitatuma wazee kwao."

Nesi alipokuja kunipa habari, nilimrukia shingoni tukaanguka wote kwenye tairi bovu. Tulicheka! Lakini yeye alimaliza kucheka kabla yangu. Akanishika mikono.

"Nina ombi moja. Kaka atakuja na Baba, na atakuchokoza. Usimpige. Akikutukana, usimpige. Akikutemea mate, usimpige."

"Akinipiga je?"

"Hata akikupiga. Niachie mimi. Nimeshona watu wako wa kutosha, mpenzi. Kutwa nzima nashona watu waliopigwa. Siwezi kurudi nyumbani nikakuta kazi nyingine."

"Haya. Naapa."

"Na ukivunja?"

"Uniache," nikasema. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, tena huku natabasamu.

Nilifanya kazi ile siku nne, na sijawahi kuifanya kazi kwa upendo kama ule. Watu wanadhani ni kuweka betri kubwa tu. Thubutu! Balbu zote zilitoka, hata ile ndogo ya kwenye dashibodi ambayo ilinibidi niifikie kwa vidole viwili huku nimelala chali. Koili mpya, honi mpya, mota ya waipa mpya. Geji ya mafuta nikaiwekea kipunguza umeme isije ikaungua. Dainamo, ile ya kuchaji betri, nikaitoa, mahali pake nikafunga alteneta. Stata nikaiacha ile ile. Stata ya volti sita ukiipa kumi na mbili inazunguka kwa fujo kweli, lakini haifi mradi usiing'ang'anie.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi. Magari ya siku hizi upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. La Mzee lilikuwa kinyume: chanya kwa bodi, ndivyo lilivyotoka kiwandani. Alteneta haivumilii hivyo. Nikageuza kila kitu, hasi ikaja kwa bodi. Betri yenyewe sikuifunga, niliiacha nyaya ziko wazi, nikipanga kuifunga mwenyewe Mzee akitazama. Sikuandika popote. Sikubandika hata karatasi. Kosa hilo ni langu, simgawii mtu.

Jumapili gereji ilikuwa imefungwa, nikaazima funguo. Walikuja mapema, saa nane mchana, mimi bado niko kwenye ovaroli. Nesi akawa anawatolea viti uani, mimi nikakimbilia chumba cha nyuma kubadili nguo. Gauni la samawati. Alilichagua yeye, akasema likinikaa atashindwa kuongea mbele ya baba yake. Nikiwa bado nahangaika na zipu ya mgongoni, nikasikia sauti nzito kutoka uani.

"Gari limelala hapo yeye anajipodoa! Fundi gani huyu? Baba, wewe kaa. Betri hii nimeanza kuifunga nikiwa na miaka kumi."

"Kaka, mngoje mwenyewe," nikamsikia Nesi.

"Nimngoje nini? Kwenye nyaya mbili?"

Nikatoka mbio, zipu nusu, miguu mitupu. "Usiguse! We, usiguse hapo!"

Alikuwa ameshafunga. Chanya kwa bodi, kama alivyofundishwa na baba yake, kama ambavyo mtu yeyote wa nyumba ile angefanya akiwa amefumba macho. Palitoka mwanga mweupe na mlio kama bati linachanika. Waya wa alteneta ukawa mwekundu wote, ganda lake likayeyuka likadondoka kwenye injini, moshi mweusi ukaruka. Kaka Mkubwa akapiga yowe, akajaribu kufungua haraka na spana, na spana ikalala juu ya betri, ikagusa pande zote mbili. Ikaganda pale, na kiganja chake juu yake. Mfuniko wa betri ukapasuka kwa kishindo. Nesi akamvuta kaka yake kwa ukosi, mimi nikaingiza mikono kwenye moshi nikaung'oa ule waya, nikaitupa spana, nikamwaga ndoo ya mchanga juu ya moto. Kisha nikamkimbilia na ndoo ya maji.

"Weka mkono humu, shemeji. Haraka!"

Akauingiza. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimepasuka kama nyama anayoichoma mwenyewe. Alipumua mara mbili tatu, akanitazama, na mkono wa kushoto ukaja.

Ndilo hilo kofi la kwanza. Masikio yakalia, nikaonja damu.

"Umenitegea!" akapayuka. "Mchawi wewe! Umetega gari la baba yangu unichome!"

Nikameza damu. Nikamtazama Nesi, naye akanitazama, na katika macho yake niliona ananishukuru. Wallahi, ningepigwa makofi kumi kwa ajili ya macho yale. Nikaikunja mikono nyuma ya mgongo.

"Sikutega, shemeji," nikasema. "Niligeuza umeme. Nilipaswa kusema. Naomba radhi."

"Shemeji yako nani? Nani shemeji yako?" Akapiga teke sanduku langu la vifaa, vikamwagika ua mzima. "Mama yako alizaa dume akalivisha gauni, halafu analileta kwetu!"

"Kaka, basi," Nesi akasema, akaingia katikati yetu. "Umeumia, nikufunge mkono. Yeye hajakosa."

"Hajakosa?" Kaka Mkubwa akamkamata shati. "Unamtetea mbele yangu?"

Akampiga kichwa cha uso. Nilisikia pua ikilia. Nesi akaenda chini, na huyu mtu, huyu aliyezaliwa naye tumbo moja, akaanza kumpiga mateke. La tumbo, la mbavu, la mgongo. Mzee akasimama, plasta kifuani, akapaza sauti, "Acha! Nasema acha!" Sauti yake haikufika popote. Nesi hakurudisha. Alijikunja tu, mikono kichwani, anasema, "Kaka, basi. Kaka, basi."

Mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wanaposema uongo.

Niliokota spana ya magurudumu. Nilimpiga Kaka Mkubwa ubavuni, kwa nguvu zangu zote, na akaanguka. Pigo lile silijutii hata leo. Angemuua. Nilimpiga akaanguka, akabaki pale chini anatafuta hewa, mkono wenye kidonda ameuinua, hana tena cha kunifanya. Kazi ilikuwa imekwisha, na mimi nikainua spana mara ya pili.

Nikaona kofi. Nikamwona mama yangu anatukanwa. Niliyaona yote, na mkono ukashuka.

Nesi alikuwa amejitupa juu ya kaka yake.

Nilisikia mfupa. Mimi nimevunja vitu vingi maishani, sijawahi kusikia mlio kama ule. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo, na mkono wake wa kulia ukawa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Spana ikaniponyoka. "Mpenzi," nikasema. "Mpenzi wangu, nisamehe, sikuku..."

"Nyamaza kidogo," akaniambia, taratibu kabisa. Damu ya pua ilikuwa inamwingia mdomoni. "Imevunjika mifupa yote miwili. Nitafutie kitu kigumu. Ubao au boksi."

Nikakata boksi la alteneta. Nikapiga magoti mbele yake, nikauzungushia mkono wake lile boksi, nikafunga kwa utepe mweusi wa nyaya, yeye ananielekeza: legeza hapo, kaza hapa, usiguse hapo. Nywele zake zilikuwa karibu na mdomo wangu. Zilinukia moshi. Utepe ulinishinda kukata, akaushika kwa meno yake ili niukate. Nilitamani kazi ile isiishe, kwa sababu nilijua ikiisha tutatazamana.

Mzee ndiye aliyetutenganisha. Alikuwa amemwinua mwanawe mkubwa, amemkalisha kwenye kiti. Akaenda kwenye gari, akainama juu ya betri iliyopasuka, akatazama alama za chanya na hasi. Akatazama balbu zangu, koili yangu, nyaya nilivyozipanga. Alitazama kwa muda.

"Chanya kwa bodi," akasema. "Nilimfundisha mimi." Kisha akanigeukia. "Kazi yako ni safi, binti. Na lile kofi nimeliona ulivyolimeza. Nilikuwa nimesharidhika pale. Ningetuma wazee wiki hii hii."

Alivyolisema lile "ningetuma" ilikuwa afadhali anipige na yeye.

"Baba," nikaanza.

"Rudisha gari langu lilivyokuwa. Tunakwenda hospitali."

"Nitawaitia gari jingine, Baba, hili limeungua."

"Siliachi hapa," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Nilikata waya wa alteneta, nikafunga koili ya zamani, nikaleta ile betri ya volti sita iliyokuwa kwenye kona. Kazi ya siku nne niliifuta kwa robo saa, na mikono yangu ilikuwa inaona njia yenyewe kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Betri ilikuwa na nguvu ya kuchoma plagi tu. Ya kuzungusha stata haikuwa nayo.

Kaka Mkubwa akaingia kwenye usukani. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa kibichi, akaegemeza kifundo tu kwenye usukani, wa kushoto ukabaki wa gia. Mzee akakaa pembeni yake. Watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye mkono wa kulia mzima wa kushika hendeli.

Nesi alikuwa bado amesimama karibu na mlango wa nyuma. Nikamfuata.

"Sema neno," nikamwambia. "Nitukane. Nilikuwa nampiga yeye, si wewe. Unajua sikukukusudia wewe."

"Najua."

"Ilikuwa bahati mbaya!"

Akanitazama. Siku zote macho yake yalikuwa yananipa nafasi ya kujieleza. Sasa yalikuwa yamechoka tu. "La kwanza lilikuwa la kuniokoa, nitakushukuru mpaka kufa. Hilo la pili lilikuwa la nani?"

Nikautazama mkono wake uliofungwa boksi.

"Uliniona," akasema. "Nilikutazama usoni, Shoti. Uliniona nimeshafika pale, na mkono haukusimama."

Ningeweza kukataa. Nani angejua? Lakini huyu ni mtu ambaye sijawahi kumdanganya ila tumbo na kichwa. Ni kweli nilimwona. Kulikuwa na muda, mdogo sana, mdogo kuliko kufumba jicho, nilipoona shati lake jeupe na nikajua ni nani. Na hasira ikasema pisha, na nikaipisha.

"Nilikuona," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akaingia garini, nikamfungia mlango kwa sababu yeye hakuweza.

Nikaenda mbele nikaichomeka hendeli. Gauni la samawati lilikuwa limeshakuwa jeusi kifuani. Nikazungusha. Injini ikakohoa. Nikazungusha tena, na tena, huku nalia kwa sauti, nalia bila aibu, na kupitia kioo cha mbele namwona Mzee ameinamisha uso. Mara ya nne ikanipiga teke, nikaiachia kwa wakati. Mara ya tano ikawaka. Niliisikia ikitulia, ikapata mwendo wake wa zamani, na sijawahi kuuchukia mlio wa injini kama siku ile.

Nikawafungulia geti. Gari likaja taratibu, likasimama usawa wangu. Kioo cha nyuma kikashuka kidogo kidogo, anakizungusha kwa mkono wa kushoto. Niliushika mlango. Niseme ukweli, nilidhani amenisamehe.

"Viganja vyako vimeungua," akasema.

Nikavitazama. Vilikuwa vimejaa malengelenge, vyote viwili. Sikuwa nimevisikia.

"Viweke kwenye maji ya bomba yanayotiririka. Dakika ishirini, usipunguze. Usipake mafuta, usitumbue. Kesho nenda zahanati."

"Utakuwepo?"

"Nenda ile ya upande wa pili," akasema, akaanza kupandisha kioo.